Siku Niliyomwogesha Mama

Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai. Kwa miaka kadhaa nimeificha aibu yangu hii, na leo nimeamua kuitoa hadharani, huenda ikamfaa msomaji ambaye wakati huu ana mzazi mgonjwa katika chumba cha pili na hajui aanzie wapi. Aibu yenyewe ni kwamba mamangu mzazi aliota kidonda mgongoni akiwa nyumbani kwangu, mbele ya macho yangu, kwa sababu nilimwonea haya. Wakati huo nilijiambia kuwa ilikuwa heshima.

Ilikuwa mwezi wa Aprili mwaka wa 2017. Mama, aliyekuwa na umri wa miaka 74, alianguka jikoni kwake huko Wundanyi akiwa anachuja chai. Presha alikuwa nayo kwa muda mrefu, na dawa alizimeza siku alizozikumbuka. Kiharusi hicho kilimpooza upande wote wa kulia na kumvuruga usemi. Akitaka maji, ulimi ulisema "kuni". Akitaka kukataa jambo, neno lililomtoka lilikuwa "kesho". Baada ya majuma matatu wodini, tulikabidhiwa mfuko wa dawa na karatasi ya kumruhusu kwenda nyumbani. Tukakodi gari, tukamleta kwangu Nairobi, mtaani Umoja, katika nyumba ya vyumba viwili.

Dada yangu mkubwa alikaa nasi mwezi mmoja, kisha akarudi kwa mume na watoto wake. Tuliajiri msichana wa kazi, naye akatoroka baada ya siku kumi na mbili. Simlaumu. Mke wangu alikuwa akiuza nguo Gikomba na alitoka nyumbani alfajiri. Mimi nilifanya zamu ya usiku katika kiwanda cha uchapishaji, kwa hivyo mchana nilikuwa nyumbani. Mama akabaki mikononi mwangu.

Nilimlisha uji, nikamnywesha chai, nikamwashia redio na kumsomea gazeti. Mtu angechungulia dirishani angesema, "Tazama mwana mwema!" Lakini mama alipojikojolea, nilitoka chumbani na kuufunga mlango. Kwetu, kama ilivyo kwa jamii nyingi za nchi hii, mwana wa kiume hauoni uchi wa mamake. Ni mwiko, na wengine husema ni laana. Basi nilimsubiri mke wangu arudi saa moja jioni ndipo mama abadilishwe. Kuna siku mama alilala katika majimaji hayo tangu saa nne asubuhi. Alinyamaza, nami nikauchukua unyamavu wake kuwa ni subira.

Jioni moja ya mwezi wa Julai, mke wangu aliniita kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia. Pale mgongo unapoishia, juu kidogo ya makalio, palikuwa na kidonda cha ukubwa wa sarafu ya shilingi kumi. Ngozi iliyokizunguka ilikuwa imeiva na kuwa nyeusi zaidi, tena ngumu kwa kuguswa.

Tungempeleka wapi? Wauguzi wa hospitali za umma walikuwa katika mgomo ulioanza mwezi wa Juni, na ambao haukuisha hadi Novemba mwaka huo. Hospitali za kibinafsi zilitaka pesa ambazo hatukuwa nazo. Mke wangu akakumbuka kwamba katika ploti ya pili aliishi muuguzi mmoja mwenye umri wa makamo, naye pia alikuwa amegoma. Nilimwendea kwa woga, nikidhani angenifukuza.

"Mimi nimemgomea mwajiri," akasema huku akivaa viatu. "Sijamgomea mama yako."

Alipoingia chumbani hakuzungumza nasi. Alinawa mikono kwa sabuni, akachuchumaa kando ya kitanda hadi macho yake yakawa sawa na ya mama, akamwambia polepole, "Hujambo, mama? Mimi ni muuguzi. Naomba nikutazame mgongo. Ukikubali, nibane kidole." Mama akamnyoshea mkono wa kushoto, ule uliosalia na nguvu, akakibana kidole chake. Nilishtuka. Tangu aletwe Nairobi, huyo alikuwa mtu wa kwanza kumwomba ruhusa. Sisi tulikuwa tumeishika ile methali isemayo kwamba mgonjwa haulizwi uji, tukaifanya sheria ya nyumba. Kwa kuwa usemi ulikuwa umeharibika, tulidhani na akili imekwenda nao.

Baada ya kukitazama kidonda, sista alituuliza swali moja tu. "Nani hukaa naye mchana?"

Hakuna aliyejibu. Mke wangu aliangalia dirisha.

Hakunikemea. Alinifafanulia tu, kama mwalimu amfafanuliavyo mtoto hesabu. Mtu akilala mahali pamoja kwa muda mrefu, alisema, uzito wake huibana nyama kati ya mfupa na godoro. Damu haipiti, na nyama isiyopata damu hufa. Hatari ni pale mifupa ilipo karibu na ngozi: chini ya mgongo, kwenye nyonga, visigino na viwiko. Mkojo huilainisha ngozi ikawa kama karatasi iliyoloa, na ngozi ya mzee ni nyembamba tangu hapo. Kisha sisi tulikuwa tukimburura kumsogeza juu ya mto, na kumburura huko kulikuwa kukimchuna. "Kidonda hiki hakikuletwa na kiharusi," akamaliza. "Kimeletwa na kulala."

Usiku ule sikwenda kazini. Sista alitufundisha mpaka saa nne. Mama ageuzwe kila baada ya saa mbili, ubavu huu kisha ule, na saa zenyewe ziandikwe kwenye kalenda ukutani ili pasiwe na kubahatisha. Mto uwekwe kati ya magoti, na mwingine chini ya ndama za miguu ili visigino visiguse godoro. Asiburuzwe bali anyanyuliwe kwa shuka, watu wawili, mmoja kila upande. Mahali palipobadilika rangi pasisuguliwe kwa mafuta, maana kusugua huzidi kuiumiza nyama iliyokwisha kudhurika. Tena akatuonya kwamba ngozi nyeusi kama yetu aghalabu haionyeshi wekundu ule unaotajwa vitabuni, kwa hivyo tupapase kwa mgongo wa mkono, tukitafuta joto au ugumu usio wa kawaida. Apate mayai, maharagwe, maziwa na omena, kwani kidonda hakijengwi kwa uji mtupu. Kidonda chetu kilikuwa bado hakijaenda chini sana, lakini kama kingetoa harufu au usaha, au mama akishikwa na homa, tusikae nacho nyumbani hata siku moja.

Kisha akanigeukia. "Sasa kaka, kesho asubuhi utamwogesha wewe."

Nikamweleza habari ya mwiko. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunicheka. "Mwiko huo ni wa nini?" akauliza. Nikasema ni wa kulinda heshima ya mzazi. "Vema. Basi tumlindie heshima hiyo. Na kumwacha alale katika mkojo hadi jioni, je, ni heshima ya nani?"

Mpenzi msomaji, sikuwa na jibu.

Asubuhi yake alikuja, akasimama mlangoni akiniongoza kwa maneno. Mlango na pazia vilifungwa. Nilimweleza mama nitakalofanya kabla sijalifanya. Nilimfunika shuka kubwa kutoka shingoni hadi miguuni, na chini ya shuka hiyo nikamvua gauni, nikianza na mkono mzima na kumalizia na ule uliopooza. (Wakati wa kuvaa huwa kinyume: mkono mgonjwa hutangulia.) Nilifunua sehemu moja tu kwa wakati mmoja. Uso. Nikaufunika mkono baada ya kuukausha, nikaenda kifuani, nikafunika, nikaenda mguuni. Maji yalikuwa vuguvugu, na nilikausha kwa kugandamiza taulo, si kwa kusugua. Tulipofika palipokuwa pakinitisha, sista alisema, "Mpe kitambaa mkono wa kushoto. Mgonjwa hufanya mwenyewe kila anachoweza." Nikakikamua kitambaa, nikamtilia mama mkononi, nikageuza uso. Akajisafisha mwenyewe chini ya shuka, polepole, kwa bidii ya mtu anayelima shamba lake. Nilichobakisha mimi ni kumgeuza ubavu, kumalizia mgongoni na kutandika shuka kavu.

Nilipomtazama nilimkuta analia, nami machozi yakanitoka. Nikamwambia, "Nisamehe, mama."

Lazima nieleze jambo moja hapa. Mimi nilirithi jina la babu, babake mama, na tangu utotoni mama hakuniita kwa jina langu ila aliniita "baba". Siku ile aliutafuta ulimi wake kwa muda mrefu. Hatimaye maneno matatu yakatoka, yakiwa yameachana kama watu wanaopanda mlima. "Baba... aogesha... mwana."

Haya niliyoyabeba tangu Mei aliyatua yeye kwa maneno hayo matatu. Ilhali mimi nilikuwa nikijitesa kwa mila, mama alikuwa na njia yake ndani ya mila hiyohiyo. Kumbe ningemuuliza!

Lakini sista alinivuta kando na kunionya. "Hilo ni lake kulisema, si lako. Usimfanye mtoto. Usimwongeleshe kwa sauti ya kitoto, wala usizungumze juu yake na wageni kana kwamba hayupo." Nimewaona watu wengi wakifanya hivyo, tena kwa mapenzi.

Sitaki nikudanganye kwamba mambo yalinyooka. Mwezi wa Agosti, siku chache baada ya uchaguzi mkuu, mama alibadilika ghafla. Alikataa kula, akazungumza na watu wasiokuwapo, akanipiga kofi. Jamaa mmoja alisema ni uzee, mwingine akanong'ona habari za uchawi. Nami nilikuwa sijalala siku mbili, nikamfokea mama mzazi. Sista alisema mzee akichanganyikiwa ghafla asisingiziwe uzee, apimwe. Tulimpeleka kwenye kliniki, mkojo ukapimwa, akaonekana ana maambukizi. Baada ya siku chache za dawa, fahamu zilirejea. Wazee hawahisi kiu kama vijana, na mimi nilikuwa nimempunguzia maji ili asiloe mara kwa mara. Tangu hapo nilimpa maji kidogo kidogo kutwa nzima, akiwa ameketi wima na kidevu amekiinamisha kidogo ili yasimpalie.

Kufoka kwangu kulinifundisha kwamba mtu mmoja hawezi. Niliwaita ndugu zangu, tukagombana sana, kisha tukagawana. Kaka wa Mombasa alichukua gharama ya nepi za watu wazima. Dada alikuja juma moja kila mwezi ili mimi nipumzike. Serikali nayo ina sehemu yake. Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 chasema wazee wana haki ya kuishi kwa hadhi na kupata utunzaji wa kiasi kutoka kwa jamaa zao na kwa Serikali. Mwaka wa 2018 mpango wa Inua Jamii ulianza kuwapa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni msaada, lakini kwa mgonjwa wa kitandani hata nepi za mwezi hazimalizi. Kwa hivyo kazi kubwa hubaki nyumbani, mikononi mwa watu ambao hawakuwahi kuonyeshwa inavyofanywa. Laiti kila familia inayokabidhiwa mgonjwa wa kitandani ingeonyeshwa namna ya kumgeuza kabla ya kutoka wodini, kwa saa moja tu!

Kidonda cha mama kilifunga mwezi wa Oktoba, karibu miezi mitatu tangu tulipokiona. Kilikuwa kimechukua majuma machache tu kufunguka. Mama aliishi nasi hadi mwaka wa 2021, akijifunza maneno machache zaidi na kuyapoteza mengine. Alipofariki, wanawake wa ukoo walikwenda kumwosha na kumvisha. Walipotoka, shangazi, ambaye si mtu wa kusifu ovyo, alinijia akanishika mkono. "Amekaa kitandani miaka minne," akasema, "na ngozi yake ni nzima."

Sikumweleza habari ya sarafu ya shilingi kumi. Nimekueleza wewe. Ikiwa una mzazi amelala chumba cha pili, inuka sasa ukamtazame mgongo. Lakini kwanza muulize.