Mchagua jembe si mkulima?

Nusura ng'ombe wa dada yangu aende sokoni kwa sababu ya kompyuta.

Desemba iliyopita nilienda Matulo, karibu na Webuye, kumjulia hali. Kabla sijamaliza chai akanieleza kwamba mwanawe, anayesomea kompyuta chuo kikuu, amelalamika kuwa laptopu yake haifai tena. Ng'ombe pekee wa maziwa alikuwa ameshapata mnunuzi.

Nilimwita kijana nikamkemea. "Hukusikia kwamba mchagua jembe si mkulima?"

"Mjomba, hebu jionee mwenyewe," akajibu kwa adabu. Akafungua Android Studio, ambayo hutumika kuunda programu za simu. Tulisubiri hadi mamake akamaliza kukama. Kioo kilikuwa kimeganda vile vile. Laptopu ile ya mtumba ina kumbukumbu ya gigabaiti 4, na Android Studio hudai 8 kwa uchache.

"Muhula huu mnafundishwa lugha gani?"

"Python, na kurasa za mtandao."

"Hizo nazo zataka mashine kubwa?"

Akainama, kisha akacheka. Kumbe wenzake walikuwa na Android Studio, naye hakutaka kuachwa nyuma.

Jioni akanionyesha zinazomtosha. Kwa Python kuna Thonny, iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia, kwa ajili ya wanaoanza. Ni nyepesi, na humwonyesha mwanafunzi hatua kwa hatua kazi inavyokwenda. Kwa kurasa za mtandao, Notepad++ yatosha. Zote ni za bure.

Mwisho akafungua Vim: maandishi matupu, pamoja na ombi la kuwasaidia watoto maskini wa Uganda. Nilishangaa. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitoa mwaka wa 1991, alifanya kazi Kibaale, kusini mwa Uganda, mwaka wa 1994. Tangu hapo aliwaomba walioipenda Vim wawachangie watoto wa huko. Alifariki mwaka wa 2023, lakini Vim ingali inatumika duniani kote.

Kazi za simu kijana atazifanyia maabara ya chuo. Nami nilikiri kwamba methali niliitumia vibaya. Mkulima huchagua jembe, ila hutazama shamba lake, si la jirani. Mzazi mwenzangu, kabla hujauza kitu, muulize mwanao kwanza anasoma lugha gani.

Asubuhi mnunuzi alifika. Dada alimkaribisha chai ya maziwa, akamwambia ng'ombe hauzwi.