Kando ya Kitanda

Wadhani, msomaji, kwamba daktari hufanywa na vitabu? Chuo cha udaktari cha Johns Hopkins kilipofunguliwa mjini Baltimore, Marekani, mwaka 1893, William Osler aliwatoa wanafunzi darasani akawatia wodini. Huko mwanafunzi alimwuliza mgonjwa habari zake, akampima, kisha akamweleza mwalimu aliyoyaona, akasahihishwa papo hapo. Waliofuzu wakateuliwa wachache kukaa humo humo hospitalini, usiku na mchana, wakizidi kujifunza. Kazi yangu ni kufunza walimu; nami huketi nyuma ya darasa nikimtazama mwanagenzi akitetemeka, maskini. Lakini neno lililokosewa ubaoni hufutwa. Yule wa wodini ana mtu mbele yake, naye anaumwa.