Shangazi Haanzii Sifuri

Jirani yangu wa ghorofa ya chini, hapa Hannover, ni Mjerumani wa kuzaliwa, baba wa watoto wawili, na tangu ujana wake anaendesha forklifti ghalani. Miaka nenda miaka rudi, barua yoyote ya manispaa ikimfikia hunibishia mlango: miwani ameisahau kazini, tafadhali nimsomee. Nami, Mdigo wa Tiwi, pwani ya Kenya, Kijerumani changu nilikiokota ufuoni Diani nikaja kukimalizia darasani, nikawa namsomea Mjerumani barua yake. Mwezi uliopita aliniambia kweli. Macho yake ni mazima. Alienda shule miaka tisa akatoka anaweza maneno mafupi tu. Sentensi ikirefuka, anapotea. Akaniomba nimsindikize Volkshochschule, vile vyuo vya watu wazima vilivyotapakaa nchi nzima hapa, maana kuuvuka ule mlango peke yake kulimshinda.

Nilitoka huko nimefurahi sana, na nimekasirika sana, na hasira yote imeelekea nyumbani.

Mwalimu aliyetupokea hakumwuliza kama anajua kusoma. Alimwuliza, "Kazini unasoma nini?" Jirani akatoa mfukoni karatasi ya mzigo iliyokunjwa mara nne. Mama yule akaikunjua mezani, akamwambia aonyeshe anachokitambua. Namba za rafu, zote alizijua. Jina la kampuni alilijua kwa umbo lake. Pale palipoandikwa kwamba mzigo ni wa kuvunjika, alipajua kwa ile picha ya bilauri. Kila alipogusa, mwalimu alitia alama ya penseli, mpaka karatasi ikajaa alama. Kisha akamgeuzia. "Haya yote tayari unayo," akamwambia. "Sisi tutaanzia hapa," na kidole kikatua kwenye mstari wa tatu, kwenye neno moja refu, la kawaida, analokutana nalo kila siku ya kazi. Akalikata kwa penseli silabi silabi, wakalisoma. Yule bwana mwenye mwili wa kubeba friji peke yake alifuta uso kwa mkono wa shati.

Wajerumani wenyewe wamezipanga hatua za kusoma na kuzipa namba. Ya kwanza ni ya anayehangaika na herufi mojamoja. Ya pili anasoma maneno, lakini sentensi inamshinda. Ya tatu anamudu sentensi, habari nzima haimudu. Ya nne anasoma na kuandika, ila polepole na kwa makosa mengi hata kwenye maneno ya kawaida. Jirani yangu aliambiwa yuko ya pili, anachungulia ya tatu, na nyuso za waliomwambia zilikuwa kavu kabisa, kama watu wanaompima mtu saizi ya viatu. Na wala si peke yake. Chuo Kikuu cha Hamburg kilifanya utafiti mwaka 2018 kikakuta watu wazima milioni 6.2 nchini humu wako kwenye hatua hizo tatu za mwanzo. Zaidi ya nusu yao lugha yao ya kwanza ni Kijerumani, na wengi wana ajira. Ujerumani! Nchi ambayo kule Diani tuliamini kila mtu wake huzaliwa na kitabu mkononi. Serikali ikatangaza muongo mzima wa kulishughulikia jambo hili, 2016 hadi 2026. Kwa sisi wageni tusiojua herufi zao kuna kozi nyingine, vipindi 1,000 vya dakika 45, lugha na kuandika humohumo.

Sasa njooni Tiwi.

Kwetu ni ngumbaru. Mnajua ninachosema. Darasa la watoto baada ya watoto kwenda zao, dawati ambalo magoti hayaingii, a-e-i-o-u ubaoni, na vijana dirishani wanacheka. Marehemu mamangu alijiandikisha. Haja yake ilikuwa moja, kusoma bahasha ya dawa: ni moja mara tatu au mbili mara moja, kabla ya chakula au baada. Miezi ikapita wako kwenye irabu na picha ya kikombe. Kisha mwalimu, ambaye posho yake ilikuwa haieleweki inakuja lini, hakuonekana tena. Mamangu akarudi kwenye mnazi wake na makuti yake, na bahasha za dawa tukaendelea kumsomea sisi.

Wala si kwamba Kenya haikujaribu. Bodi ya Elimu ya Watu Wazima iliundwa kisheria mwaka 1966. Disemba 1978 Rais Moi aliagiza ujinga wa kutojua kusoma ufutwe, na mwaka uliofuata ikaundwa idara nzima kwa kazi hiyo. Mwaka 2006 ukafanyika uchunguzi wa taifa: asilimia 61.5 ya watu wazima wanajua kusoma na kuandika. Tukapiga makofi. Lakini uchunguzi huohuo ulisema waliofikia kiwango cha kujitosheleza ni asilimia 29.6 tu. Hapo katikati pana mamilioni ya watu, kila mmoja na hatua yake, na hakuna anayewauliza wako ya ngapi. Kwetu ama unajua ama hujui.

Mtu ataniletea habari ya mzee Maruge, aliyeingia darasa la kwanza kule Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Namheshimu sana mzee yule, na alikuwa na sababu zake za mtu mzima, kuisoma Biblia mwenyewe na kuhesabu pesa zake mwenyewe. Lakini tulivyomshangilia ndani ya kaptula na soksi za shule, tulijifundisha vibaya. Tuliona sawa mtu mzima arudishwe utotoni ndipo afundishwe.

Shangazi yangu, aliyebaki na shamba letu, kwenye orodha ya serikali ni mtu asiyejua kusoma. Shangazi huyuhuyu amehitimu Kurani chuoni akiwa msichana, na msikilize akisoma Barzanji siku ya maulidi. Jicho lake linafuata herufi kutoka kulia bila kukwama. Barua za Pwani hii ziliandikwa kwa herufi hizohizo zamani, kabla ya shule ya mzungu. Kwenye simu yake hatambui jina la mtu, lakini anatutambua wote kwa tarakimu mbili za mwisho. Mimi ni 46. Salio la M-Pesa analisoma mpaka senti. Daftari lote la chama chake liko kichwani, nani katoa, nani anadaiwa. Mwalimu wa Hannover angetia alama za penseli mpaka risasi iishe.

Na mtu huyu wiki iliyopita ametiwa wino kidoleni. Aliletewa karatasi ya mipaka ya shamba nyumbani, akaonyeshwa pa kubonyeza, akabonyeza. Karatasi haikusomwa na mtu. Nilipomwuliza imeandikwaje, alinijibu, "Mwanangu, sikuwa na miwani." Nililia kwenye basi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Kiswahili kinasomeka kirahisi mno. Jirani yangu lazima akariri kwamba s, c na h zikikaa pamoja ni sauti moja, na bado kesho atakutana na neno linalomgeuka. Shangazi akishajua ba-be-bi-bo-bu, njia imenyooka. Na mfano tunao hapo jirani, Tanzania. Mwalimu Nyerere aliutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Kule Mwanza mradi uliosaidiwa na UNESCO ukaandika vitabu vya kuanzia juu ya pamba, migomba, uvuvi na ng'ombe, kazi za wasomaji wenyewe. Mitihani yao ya taifa ilikuwa na hatua nne, na waliohitimu walipata hata magazeti ya kuendelea kusoma. Sisi tuna leso. Kila mwanamke wa Tiwi amevaa mstari wa Kiswahili mgongoni na anauliza muuzaji umeandikwaje. Kitabu cha kwanza si hicho?

Nimempigia binamu yangu anayefundisha madrasa. Amekubali jioni mbili kwa wiki, barazani, baada ya alasiri, akina mama sita wa chama. Kaka yangu anapinga: mwalimu atalipwa na nani nikichoka kutuma, na vyeti atatoa nani? Hoja zake ni za kweli na bado tunabishana. Mpwa anataka wafundishwe kwa programu ya simu. Shangazi amekataa, anataka daftari la mistari mipana, na ametoa sharti lake: hasomi kikombe. Anaanza na jina lake, la marehemu babake, na namba ya shamba, ambayo anaijua kwa moyo tangu 1986.