Transista za redio mbovu

Majarida ya Practical Wireless na Practical Electronics yalitufikia Mwembe Tayari, Mombasa, yakiwa na miaka mingi tayari. Yaliuzwa chini kando ya barabara pamoja na vitabu vya shule, mengine hayana jalada. Kurasa za matangazo ya vipuri vya Uingereza nilizipita, maana kijana anayejifunza ufundi redio hakuwa na pesa ya kuagiza kwa posta. Vipuri vyetu vilikuwa ndani ya redio mbovu. Nilichokitafuta ni michoro ya vifaa vya gitaa.

Niliupenda mmoja wa jamii ya Fuzz Face, ile pedeli ya duara iliyotolewa na Arbiter wa London mwaka 1966, ambayo Jimi Hendrix aliipenda. Transista mbili, rezista nne, kapasita tatu, vidhibiti viwili vya kuzungusha na betri ya volti 9, basi. Sauti ya gitaa inakuzwa mpaka vilele vya mawimbi vinakatwa, nayo inatoka nzito, yenye mkwaruzo, noti moja ikidumu muda mrefu. Transista za mchoro huo zilikuwa AC128 za jemaniamu, na hizo tulikuwa nazo: ndizo zilizosukuma spika katika redio nyingi za Ulaya, mara nyingi zikikaa mbili mbili.

Mpiga gitaa niliyemtengenezea alirudi upesi. "Fundi, usiku inaimba vizuri sana. Mchana inakata pumzi."

Joto. Jemaniamu huvujisha umeme, na mvujo huo hukaribia kuongezeka mara mbili kwa kila nyuzijoto 10. Mchoro ulichorwa kwa ajili ya chumba cha Uingereza. Alasiri ya Mombasa ni kitu kingine. Hapo ndipo nilipoona thamani ya majarida yale, kwa sababu chini ya mchoro palikuwa na maelezo ya kila kipuri kinafanya nini, na maelezo hayo yalinifaa kuliko mchoro wenyewe. Kolekta ya transista ya pili inatakiwa ikae karibu na volti 4.5, nusu ya betri. Nikatoa rezista ya kilo-omu 8.2, nikaweka ya kurekebishwa kwa bisibisi, nikapima kwa mita saa nane mchana, jua likiwa kali juu ya bati.

Baadaye nilijenga nyingine kwa BC108 za silikoni. Ilibidi betri na kapasita za elektrolaiti zigeuzwe, kwani transista hizo ni za NPN, kinyume cha AC128. Hiyo haikujali joto, ila sauti yake ilikuwa kali zaidi, na usiku ilinasa stesheni za redio mpaka nilipoiongezea kapasita ndogo kwenye bezi ya transista ya kwanza.

Mpiga gitaa alizichukua zote mbili. Ya silikoni aliipiga kwenye dansi la Jumapili alasiri. Ya jemaniamu aliiweka kwa ajili ya usiku, na bisibisi ndogo aliitia mfukoni mwa shati.