Matope ya Itebero na Jicho la Mchoraji

Atokaye Bukavu kwenda Kisangani kwa barabara ya taifa namba 3 hupita Hombo, kisha huingia katika msitu mkubwa. Kabla ya kufika Walikale hukuta kijiji cha Itebero. Mvua ikinyesha, njia hugeuka uji. Magurudumu ya lori huzama, utingo hushuka na koleo, na abiria hukaa kando wakingoja.

Je, lori kama hilo lastahili kuchorwa? Mmarekani mmoja, Ralph Goings (1928–2016), aliyepata kuwa mwalimu wa shule huko California, angejibu: naam. Yeye alichora magari ya mizigo ya kawaida kabisa, yaliyoegeshwa barabarani. Kwanza alilipiga gari picha kwa kamera, akaimulika picha hiyo juu ya kitambaa, akafuatisha mistari yake. Kisha alipaka rangi polepole, hata mng'ao wa bati na kivuli cha gurudumu vikaonekana kama vyenyewe. Fundisho lake ni hili: kitu kinachodharauliwa nacho chataka kutazamwa kwa uangalifu.

Lakini jicho hilo peke yake halitoshi Itebero. Mwishoni mwa 1996 na mwanzoni mwa 1997, wakati wa vita, maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walipita barabara hii kwa miguu, wakielekea Tingi-Tingi, karibu na Lubutu. Wengi walikufa njiani kwa njaa na ugonjwa, na wengine waliuawa. Matope hayakutunza nyayo zao. Kamera ikija leo haitaziona.

Hapo twamhitaji mchoraji wa namna nyingine, kama Tshibumba Kanda Matulu wa Lubumbashi. Katika miaka ya 1973 na 1974 alimchorea mtaalamu Johannes Fabian historia ya nchi yake katika picha 101, akamweleza maana yake kwa Kiswahili. Picha zake hazishindani na kamera. Zinashindana na usahaulifu.

Basi, ninyi vijana mnaojifunza kuchora, lichoreni lori la Itebero kwa uaminifu, kila tone la tope mahali pake. Lakini kabla hamjaweka kalamu chini, mwendeeni mzee wa kijiji, mkamwulize kwa adabu: "Baba, ni nani waliopita hapa?" Jibu lake nalo ni sehemu ya barabara.