Walitengeneza

Baba mdogo alinunua gari la Kiitalia kwa sababu moja ya akili na nyingine ambayo hajaikiri hadi leo. Ya akili ilikuwa usukani. Magari mengi yanayoingia Butembo hutoka Japani, yanapitia Mombasa na Kampala, na usukani wake uko kuume, hali sisi huku Kongo tunaendesha upande wa kuume wa barabara. Hili lilikuwa na usukani kushoto. Kwa Waganda lilikuwa mzigo, kwa hiyo lilikuwa limekaa siku nyingi uani kwa muuzaji mmoja wa Kampala, na bei imeteremka hadi dola 4,200. Sababu ya pili ilikuwa sura yake.

Lilikuwa Alfa Romeo GT, rangi ya damu ya mzee, milango miwili, pua imeinama kama ya mnyama anayenusa. Herufi hizo mbili ni kifupi cha Gran Turismo, jina la magari yaliyoundwa ili mtu asafiri mbali kwa kasi na afike bila kuchoka. Umbo lake lilichorwa na Bertone, na aina hiyo iliundwa Pomigliano d'Arco, karibu na Napoli, kuanzia 2003 hadi 2010. Kutoka Beni hadi Butembo ni kilomita 54. Msimu mmoja wa mvua nilizimaliza kwa saa tano, ndani ya jeep.

Mimi nilichukuliwa Kampala kwa sababu ninasoma lugha. Katika ukoo wetu hilo lina maana pana sana: anayesoma lugha anajua lugha, zote. Nimeshasomeshwa barua za benki, maelezo ya dawa za mbuzi, hata maandishi ya Kichina kwenye mashine ya kusaga. Huwa natafuta njia. Na ni baba mdogo, kwa kahawa yake, aliyekuwa ananilipia minervali. Sikuona namna ya kumwambia kwamba kuna lugha nisizozijua.

Ndani ya gari kulikuwa na kijitabu cha matunzo, chote kwa Kiitalia. Baba mdogo alikuwa amepewa swali moja na fundi wake wa Butembo, na alilirudia njia nzima kutoka Kasindi ili asilisahau: je, kurua ya mota imebadilishwa? Mota ile ya mazuti ina ukanda wa mpira wenye meno, ambao mafundi wetu huuita kurua. Ukikatika gari likitembea, pistoni hugonga valvu na mota imekwisha. Mpira huo huzeeka kwa kilomita, na huzeeka kwa miaka pia, hata gari likilala.

Nilifungua kijitabu mbele ya muuzaji. Nilikuta jedwali, na mbele ya kilomita 80,000 muhuri wa gereji na neno *cinghia*. Simu yangu iliniambia kwamba hiyo ndiyo kurua. Pembeni yake palikuwa na neno lingine, *controllo*, limefunikwa nusu na wino wa muhuri. Sikulitafuta. Mtu wa Kifaransa kama mimi angelitambua hata usingizini, lakini macho yangu yalikuwa yameshapata nilichokuja kukitafuta.

“Inasema nini?” baba mdogo akauliza.

“Kurua walitengeneza, baba.”

Nimelifikiria jibu hilo kuliko sentensi yoyote niliyowahi kuchambua darasani. Sikusema walibadilisha, maana sikuwa na hakika. Sikusema waliangalia tu, maana hilo lingeharibu biashara, na yeye alikuwa ameshaweka mkono juu ya boneti. Nikachukua kitenzi ambacho huku kwetu kinatosha kila mahali: unatengeneza chakula, unatengeneza nyumba, unatengeneza mambo na polisi wa barabarani. Kosa langu halikuwa katika Kiitalia. Nilikosea kwa Kiswahili, na nilikosea nikijua.

Alilipa siku hiyohiyo. Pale mpakani, Mpondwe, tulihamia upande wa kuume wa barabara, na baba mdogo akacheka peke yake kwa furaha. Mtaani majirani walikuja kuliangalia. Alama ya Alfa, ambayo ni ya mji wa Milano, ina nyoka mwenye mtu mdomoni, na mama mmoja alimkataza mtoto wake kuligusa. Tulimcheka.

Lilitembea miezi minne. Karibu na Maboya, tukitoka Beni, mota ilinyamaza kwenye mlima, mara moja, kama redio iliyochomolewa. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, na wasomaji wa huku wanajua kwa nini hakuna anayependa kukutwa na giza kwenye barabara ile. Lori la mbao lilituvuta hadi Butembo kwa dola sitini. Baba mdogo hakuniambia neno. Fundi alipofungua, alitoa kipande cha mpira kilichopasukapasuka na kukiweka juu ya gazeti.

Kijitabu nilikipeleka kwa padri mmoja aliyesomea Roma. Alikisoma kwa dakika moja, amesimama mlangoni. “Walikagua,” akasema. “Kubadilisha ni mstari wa chini yake. Hauna muhuri.”

Nilikaa na jambo hilo wiki sita kabla ya kumwambia baba mdogo. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akapiga hesabu kwa sauti: kurua mpya na kazi ya fundi, Kampala, isingezidi dola mia tatu. “Ungesema tu haujue,” akasema. Minervali ya muhula ule aliilipa, kwa kuchelewa.

Alfa iko nyuma ya nyumba, chini ya turubai. Baba mdogo sasa anaendesha Toyota kutoka Japani, usukani kuume. Akitaka kulipita lori haoni mbele, kwa hiyo mimi ndiye ninayekaa kushoto.

“Kuko kitu inakuya?”

“Ngoja, baba. Sijaona bado.”