Plasta Zenye Majina

Nimewajua watu wengi wa Dar es Salaam kwa meno yao bila kuwaona sura. Ndivyo ilivyo kazi ya fundi wa maabara ya meno. Daktari anachukua alama za mdomo kliniki, kijana wa bodaboda analeta boksi, mimi namwaga plasta. Muda si mrefu taya la mtu liko mezani kwangu, jina limeandikwa nyuma kwa penseli.

Nilipoanza, tulikuwa tukitengeneza meno ya bandia ya wazee, basi. Vyuma vya kupanga meno vilienea baadaye, na hapo nikapata kazi niliyoipenda kuliko zote: retena, kile kifaa anachopewa mtu siku anapovuliwa vyuma.

Ya kizamani aliibuni Mmarekani, Charles Hawley, mwanzoni mwa karne iliyopita, na mpaka leo haijabadilika sana. Waya usioshika kutu, unene milimita 0.7, unapita mbele ya meno na kupinda kitanzi kwenye kila chonge. Vibanio viwili vinashika magego. Mkono uwe na uhakika, maana waya uliokunjwa na kukunjuliwa pale pale mara kadhaa utakuja kukatikia mdomoni mwa mwenyewe. Upande wa kaakaa nanyunyiza unga wa akriliki, nadondoshea maji yake, unga tena, maji tena, harufu inapanda kichwani na feni haisaidii kitu.

Watu hudhani jino limekaa kama msumari kwenye ubao. Jino limeshikwa na nyuzi. Zile za ndani ya tundu la mfupa hujipanga upya kwa miezi mitatu minne, lakini za kwenye ufizi zinaweza kuchukua mwaka na ushee, na muda wote huo zinalivuta jino lirudi lilikotoka. Lililokuwa limejisokota ndilo sugu zaidi. Halafu kuna umri: meno ya mbele ya chini husongamana kadiri mtu anavyokua, awe alivaa vyuma au hakuvaa. Huko Seattle, Robert Little na wenzake waliwapima watu miaka 10 baada ya kuacha retena, wakachapisha matokeo mwaka 1981: karibu theluthi mbili meno yao ya chini hayakuwa tena na mpangilio wa kuridhisha. Kwa hiyo nikiulizwa ivaliwe mpaka lini, huwa najibu: unataka yakae sawa mpaka lini?

Kwetu kuna na suala la mwanya. Wapo wanaolipa uzibwe, na hao ndio wanaohangaika, kwani mwanya uliozibwa hupenda kufunguka. Daktari huwabandikia waya mwembamba kwa nyuma ukae huko miaka. Ila binti mmoja alileta karatasi ya daktari imeandikwa meno yote yapangwe, mwanya uachwe. Nilimwekea kijiwaya kidogo katikati, kuulinda. Sikuwahi kumwona akicheka, lakini plasta yake sikuitupa.

Siku hizi wengi wanataka ile angavu, isiyoonekana. Karatasi ya plastiki inalainishwa kwa joto, mashine inafyonza hewa, plastiki inalalia plasta. Ni ya haraka, tena inaleta hela. Inaleta na simu.

"Shikamoo fundi. Ya mtoto haiingii."

"Marahaba, mama. Aliiosha na nini?"

"Maji ya moto. Alisema inanuka."

Alipoileta niliiweka juu ya plasta ya zamani ya mtoto. Ilibinuka kushoto, haikukaa. Mama akaomba nitengeneze nyingine juu ya plasta hiyo hiyo, aokoe nauli na hela ya kliniki. Nilikataa. Mtoto alikuwa amekaa wiki kadhaa bila kuvaa kitu, na ningemuuzia kifaa cha meno ambayo mwanawe hana tena. Alinuna, akaondoka. Jumatatu bodaboda akaleta alama mpya, na nusu ya malipo.